Nyumba Zinazotazamana

Natalia mwanangu,

Umekwenda Endasak kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule na ubebe kitu. Kwa hiyo nina mchana huu wote. Nimefunga mlango. Jirani akipita ataona mlango umefungwa jua likiwa juu, na atajiuliza kuna nini. Jibu ninalo tayari, kichwa kinaniuma. Unaona jinsi nilivyo? Hata kabla sijaulizwa nimeshajibu.

Barua hii utaikuta ndani ya mto wako. Nimeufumua pembeni na nitaushona tena kabla hujarudi. Utakapousikia unakwaruza chini ya sikio utakuwa umeshafika Songea, chuoni, na mimi nitakuwa mbali nawe. Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Mambo hayo unayajua, na usiyoyajua wenzako watakufundisha kuliko mimi. Nataka tuongee kuhusu hadithi yako.

Najua hujanisamehe. Tangu siku ile kila asubuhi unaniambia shikamoo, unachota maji, unakamua ng'ombe, unafanya yote bila kuambiwa. Lakini hunitazami. Nami sikukulazimisha, kwa sababu nyumba hii imezoea watu wasiotazamana.

Ulinisomea ukiwa umekaa juu ya gunia la mahindi, na mimi napepeta maharage. Ilikuwa nchi isiyo na jina. Kila nyumba ilikuwa na jicho la kioo darini, na katikati ya nchi kulikuwa na mnara, na juu ya mnara aliishi mtu asiyelala, anayeona yote yanayoonwa na yale macho. Watu waliogopa hata kuota ndoto. Kisha msichana mmoja akapanda ule mnara akavunja kioo kikubwa, na watu wote wakatoka nje wakacheza.

"Aayo, ni nzuri?" uliniuliza. Ulikuwa hujaniita Aayo tangu ukiwa mdogo. Shuleni walikuzoesha Mama.

Nikasema ni nzuri. Ukasema utaituma redioni, isomwe nchi nzima isikie. Nikakuuliza utaitumaje. Ukacheka. "Si nitaiacha ofisi ya kijiji, wao wanapeleka posta kila wiki?"

Ulipokwenda kisimani niliitia motoni. Uliporudi jalada la daftari lilikuwa linajikunja. Hukulia. Ulisema tu, "Hata hukuniuliza." Na mimi nikakujibu, "Maji hayatoshi, rudi ukachote mengine."

Hayo ndiyo maneno niliyopata kumwambia mtoto wangu siku hiyo.

Hadithi yako haikuwa mbaya, Natalia. Ilikuwa karibu mno na kweli, ila ulikosea mahali pamoja. Uliweka mnara. Hapa kwetu mnara haukuwepo, wala mtu asiyelala. Ningetamani angekuwepo, maana ningejua wa kumchukia.

Wewe ulizaliwa kule mlimani, lakini hukumbuki. Nyumba yetu ilikuwa peke yake juu ya mteremko, na ukitaka kumwona jirani ilikubidi uvuke bonde. Baba yako alikuwa mtu wa kuimba. Sikudanganyi. Yule baba uliyemjua, anayekaa mlangoni na kikombe cha uji mpaka kinapoa, alikuwa anaimba akitoka shambani, na mimi nilikuwa najua yuko wapi kwa kusikia sauti yake inavyopanda.

Kisha tukaambiwa tuhamie kijijini, tujenge kwa mistari. Waliokawia walibomolewa. Sisi hatukukawia. Baba yako alisema huenda ni vizuri, shule itakuwa karibu, zahanati itakuwa karibu. Tukajenga hapa tulipo. Mlango wetu ukatazamana na mlango wa Restituta, mke wa Yakobo, na wa Restituta ukatazamana na wetu. Ukitoka kwenda chooni unasalimiwa. Ukiwasha moto mapema unaulizwa kama kuna mgonjwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Amsi, yule yule unayemwamkia mpaka leo. Usidhani ni mtu mbaya. Mwaka wa njaa alitugawia mahindi yake mwenyewe. Lakini kazi yake ilikuwa kujua nani amelala kwa nani, nani amepika pombe, mgeni ametoka wapi na ataondoka lini. Alikuwa anauliza kwa upole, kama baba. "Jana taa yenu ilikaa sana, mwanangu. Mko salama?" Nami namjibu, "Tuko salama, Mzee. Mtoto alikuwa anakohoa." Hukuwa unakohoa. Nilikuwa nashona tu. Lakini niliona kushona usiku kutahitaji maelezo, na kikohozi hakihitaji.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza, kwa kikohozi kile. Uongo mdogo usiomdhuru mtu, kwa mzee anayetupenda. Kama kuna kitu nimejifunza ni hicho, kwamba hakuna siku niliyoamua kuogopa. Nilianza kwa adabu.

Restituta alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunaombana moto, chumvi, hata maziwa ya mtoto. Wewe ulinyonya kwake nilipougua. Alikuwa akiingia bila kubisha, na akicheka unamsikia mpaka mwisho wa mstari.

Baba yako alipata kazi kwenye shamba la ngano la serikali kule tambarare. Alifundishwa trekta, akaijua haraka. Tulifurahi. Alikuja na ovaroli ya bluu, na mshahara ukatununulia mabati haya. Ngano ilikuwa inakwenda mpaka macho yanachoka. Kabla ya hapo ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na walikuwa bado wanapita pita pembeni na ng'ombe wao, wakifukuzwa, wakirudi. Pale katikati kulikuwa na makaburi ya wazee wao, vilima vya udongo vilivyojengwa kwa heshima kubwa, ambavyo mtu hapiti bila kuweka jani. Mwanzoni matrekta yalikuwa yanazunguka.

Siku moja madereva waliambiwa wasizunguke tena. Baba yako alikuta mama mzee wa Kibarabaig amesimama mbele ya kilima, na fimbo, na nguo yake ya ngozi. Hakupiga kelele. Alisimama tu. Baba yako akazima trekta. Msimamizi akaja na gari, akamshika yule mama mkono akamsogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti, akamwambia baba yako, "Washa." Baba yako akawasha. Akalima.

Jioni aliingia hapa ndani hakuvua viatu. Nilikuwa mafigani. Restituta alikuwa amekuja kuomba moto, ameshika kigae chake mkononi. Wewe ulikuwa umekaa miguuni pangu, una miaka mitano, unacheza na magunzi. Baba yako akasema, "Leo nimelima mtu. Nimemlima kama magugu, na yule mama ananitazama." Akaongeza, "Serikali hii haiogopi hata waliokufa. Sisi tulio hai itatufanya nini?"

Ni hayo tu. Hakutukana mtu. Hakuitisha mkutano. Restituta akasema, "Pole, Baba Natalia," akachukua moto wake akaenda.

Wiki haikuisha. Landrova ilisimama mwanzo wa mstari asubuhi, wakashuka vijana wawili waliovaa vizuri, wenye adabu. Wakanisalimia. Wakasema wanamhitaji baba yako ofisini kwa maneno mawili. Mmoja wao akayarudia yale maneno, "Itatufanya nini, siyo?" akatabasamu. Baba yako akanitazama, Natalia. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nilidhani ananiaga.

Alikaa huko tangu ngano inachipua mpaka imevunwa. Sikuambiwa yuko wapi. Nilikwenda Katesh, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi, nikaambiwa nirudi nyumbani, nisijali. Nilikwenda mpaka Mbulu nikaambiwa hivyo hivyo. Kijijini hakuna aliyenitenga kwa mdomo. Walinisalimia. Ila salamu zilifupishwa, na nilipofika kisimani maongezi yaligeuka yakawa ya mvua.

Na mimi kazi yangu ikawa moja, kutafuta ni nani. Chakula nilipika nikitafuta. Kanisani nilipiga magoti nikitafuta. Ndani ya nyumba siku ile tulikuwa wanne. Baba yako hakujishtaki mwenyewe. Mimi sikusema. Basi amebaki Restituta.

Alipokuja kuomba moto nikamwambia moto umezima. Nyuma yangu ulikuwa unawaka, anauona. Akasimama pale mlangoni na kigae chake. "Mama Natalia," akasema, "unanifikiria mimi?" Akaongeza, "Naapa kwa mtoto niliyemzika." Na mimi, mwanangu, nilimtazama mwanamke aliyekunyonyesha, nikasema, "Nani amekuuliza?" Hakuingia tena hapa.

Sasa nitaandika kitu ambacho sijui kama unakikumbuka. Siku moja niliwaza kwamba tulikuwa wanne, na wa nne ni wewe. Ulikuwa umeanza kwenda kwa mwalimu wa watoto wadogo, na nilisikia huwa anawauliza watoto, kwa kucheza tu, jana baba alisema nini, mama alipika nini. Nikakuita. Nikakuuliza, "Ulimwambia mwalimu maneno ya baba?" Ukasema hapana. Nikakuuliza tena. Ukasema ndiyo. Nikakuuliza yapi, ukasema hujui. Nikakufinya mkono. Ukabadilisha ukasema hapana, ukabadilisha ukasema ndiyo, ulikuwa unatafuta jibu litakalonifanya nikuache. Nilikufinya mpaka ngozi ikabadilika rangi. Tangu hapo uliacha kuongea mpaka uulizwe, na walimu wako wote wameandika kwamba Natalia ni mtulivu. Mimi naijua asili ya utulivu huo.

Kama umebeba jambo hili moyoni, nisikilize. Siwezi kukuambia haikuwa wewe. Sijui, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Lakini mtoto akiulizwa na mtu mzima anajibu, ndivyo watoto walivyo, na aibu ni ya aliyeuliza. Mimi pia niliuliza. Ukiniweka mimi upande mmoja na yule mwalimu hutakuwa umenionea.

Baba yako alirudi kwa miguu, mchana, na kila mlango ulimwona. Alikuwa amekonda, na alikuwa anashukuru kwa kila kitu. Nikimpa maji, asante. Nikimpa kigoda, asante. Hakuimba, hakuuliza chochote. Trekta hawakumrudishia, wakampa kazi ya kufagia bohari. Na kila Ijumaa alivaa shati jeupe akaenda ofisini kijijini, akakaa huko kidogo, akarudi. Watu waliacha kuongea akipita. Yakobo, mume wa Restituta, ambaye walikuwa wakinywa pombe pamoja tangu ujana wao, akawa anamwamkia kwa mbali kama anavyomwamkia afisa.

Nilivumilia miezi. Kisha nikamuuliza, "Hizo Ijumaa unawaambia nini?"

"Wananiuliza watu wanasema nini. Nawaambia hawasemi kitu."

"Na wanakubali?"

"Mwanzoni walikubali."

Nikaacha kusaga. Wiki chache kabla ya hapo Yakobo alikuwa ameitwa, akafungiwa kwa kusema mbegu waliyogawiwa imeoza. Ilikuwa imeoza kweli, kila mtu aliitupa. Alirudi na meno mawili pungufu.

"Baba Natalia," nikasema, "Yakobo ni wewe?"

Akasema taratibu, bila hasira, "Na mimi nimewahi kukuuliza wewe?"

Sikuelewa. Nikamwambia sielewi.

"Nilijua tangu asubuhi ile," akasema. "Yule kijana alisema maneno yangu kama nilivyoyasema, hata pale nilipoishia. Restituta alikuwa anahangaika na moto wake, na mtoto alikuwa mtoto. Nikakutazama nikajua. Nilikuwa na muda mrefu wa kufikiri kule. Labda walikutisha. Labda walisema watamchukua mtoto. Nimeshakusamehe, Mama Natalia. Usiniulize mimi tena, nami sikuulizi."

Natalia, nililia, niliapa, nilipiga magoti hapa hapa ninapoandikia. Nilimwambia si mimi. Nilitaja jina la Mungu na la mama yangu. Alinishika bega akasema, "Basi, basi," kama unavyomwambia mtoto aliyevunja chungu na anakataa. Alikuwa ananihurumia. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuwa na hakika. Hakunipiga wala hakunifukuza. Alinisamehe kosa ambalo sikulifanya, na miaka yote iliyobaki tulilala kitanda kimoja na msamaha ule katikati yetu. Kifua kilipomshika na padri akaja, alinishika mkono akasema tena, "Nilikusamehe." Nikamjibu, "Asante." Sikuwa na nguvu ya kuapa tena, na watu walikuwa wamejaa chumbani.

Kwa hiyo alizikwa akijua ni mimi. Nami sijui alijua nini kuhusu Yakobo. Restituta anadhani nini sijui pia. Walihama, walikwenda Getanuwas kwa ndugu zao. Siku ya kuondoka alikuja akasimama pale nje, mzigo kichwani.

"Mama Natalia, nimekuja kuaga."

Mlango wa Mzee Amsi ulikuwa wazi, na yeye amekaa anatengeneza mpini wa jembe. Nikafikiri kwamba nikimkaribisha ndani mke wa Yakobo, nitaulizwa tulikuwa tunaongea nini. Nikamwambia, "Haya, mwende salama." Akasubiri kidogo. Akaenda. Nimemwona mara moja tu tangu hapo, mnadani Katesh, amezeeka. Tuliulizana habari za watoto. Midomo yake ilikuwa inataka kusema kitu na yangu pia. Kisha akapita mtu, hata hakuwa mtu tunayemjua, na wote wawili tukaanza kuongea bei ya maharage.

Unaona sasa mahali hadithi yako ilipokosea? Msichana wako angepanda wapi? Wale vijana wa Landrova walikuja asubuhi moja, hawakukaa hata nusu saa. Yaliyobaki tulifanya sisi. Mimi nilisema moto umezima nao unawaka. Baba yako alivaa shati jeupe. Mwalimu aliwauliza watoto. Mzee Amsi aliuliza kama tuko salama, na huenda kweli alitaka tuwe salama. Ukivunja kioo cha nani, watu watoke nje wacheze? Sisi tukitoka nje tunaangalia kwanza nani mwingine ametoka.

Ulipoitaja ofisi ya kijiji, niliona mtu amefungua bahasha yako na anasoma, na anamwita mwenzake. Nikaona shati jeupe. Ndiyo maana. Kama ungeniambia utaificha chini ya kitanda, labda ningeiacha. Labda. Siku hizi watu wanasema mambo yanalegea, kwamba hata ofisini hawaulizi kama zamani. Huenda ni kweli. Lakini kwangu mimi hakuna cha kulegea, kwa sababu hawahitaji tena kuniuliza. Nilichoma daftari la mwanangu na hakuna mtu aliyeniagiza.

Sina ushauri wa kukupa wa namna ya kuishi bila hofu, sijawahi kuiona. Nina haya machache. Mtu akichukuliwa, usitumie maisha yako kumtafuta aliyesema. Mimi nilitafuta, na nilichopata ni kuwapoteza wote niliowatilia shaka, na sijui hata mmoja kama alistahili. Ukimpenda mtu, mwambie mapema, kabla hakijatokea cha kumfanya asikuamini, maana baada ya hapo maneno yote yanasikika kama utetezi. Na ukiiandika tena ile hadithi, usimpe msichana wako mnara. Mpe jirani. Mpe rafiki mlangoni ameshika kigae, halafu uone atafanya nini. Mimi nilishindwa. Huenda wewe unajua atafanya nini.

Usinijibu barua hii. Barua zako zitapita ofisini kama zote. Niandikie kwamba mvua imenyesha, kwamba chakula kinatosha, kwamba mnasoma kwa bidii. Nitazisoma mara nyingi.

Kesho asubuhi tutashuka Katesh pamoja. Mzee Amsi amesema atatusindikiza mpaka stendi, na viongozi wawili watatu watakuwepo, kwa kuwa ni wewe wa kwanza kwenye mstari wetu kwenda chuo. Mbele yao nitasema kwa sauti kwamba uitumikie nchi, uwasikilize wakubwa, na usisahau kurudi kujenga kijiji chako. Watapiga makofi. Wewe utaitikia, "Ndiyo, Mama," bila kunitazama, na utapanda basi ukiwa na hasira na mimi. Utakapoyasoma haya yatakuwa yameshapita. Nimeyaandika kabla sijayasema ili ujue yale ya stendi yalikuwa ya akina nani.

Yangu mimi ni haya, na hapa peke yake ndipo ninapoweza kuyasema: usirudi, Natalia. Hata ukisikia nimekufa, usirudi.

Mimi, Aayo wako